Ukiombwa Kuimba "Malaika" Harusini

Kamati ya harusi ikinipigia simu, iwe ya Mwanjelwa, Uyole au kule Tukuyu, huwa najua Malaika itakuwemo. Mara nyingi ndio wimbo pekee wanaoutaja kwa jina. Nyingine wanasema, "Utatuchagulia mwenyewe, mwalimu." Napiga gitaa na kuimba kwenye sherehe za huku Nyanda za Juu Kusini, pamoja na mwenzangu wa besi na dada mmoja wa sauti ya pili, na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza sana kuhusu wimbo huo. Wanauliza ki ipi, yaani sauti ianzie juu au chini kiasi gani, mwendo gani, gitaa liingie wapi. Mimi huwarudisha kwanza kwenye maneno, kwa sababu wengi wanaimba Malaika bila kusikiliza inasema nini. Ni wimbo wa kijana asiye na mahari. Ukilishika hilo, ki na mwendo vitajipanga vyenyewe.

Kaa chini uyapitie maneno yake taratibu. Kijana anampenda binti na anasema angemwoa, ila mali hana. Ubeti wa pili analalamika kwamba pesa zinamsumbua roho. Ubeti wa tatu anamwita kidege, na hali yake ni ileile. Hakuna mahali anapopata fedha, hakuna mjomba anayetokea na ng'ombe, hakuna harusi inayofungwa. Wapo wanaosema kwa hiyo hauifai sherehe ya ndoa. Mimi nasema unaifaa kuliko nyimbo nyingi zinazosifu macho na tabasamu, kwa sababu kila aliyekaa ukumbini anajua maana ya kupungukiwa wakati moyo umeshaamua. Ila lazima uuimbe kama ulivyo. Ukiuimba kama wimbo wa ushindi unauharibu.

Aliyeufikisha kwetu kwenye sahani ya santuri ni Fadhili William, mtu wa Taita, Kenya. Aliurekodi mwaka 1960 akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, kisha akaurudia Nairobi katika studio za Equator Sound zilizokuwa chini ya Charles Worrod. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba aliuimba kwa ajili ya binti aliyempenda ujanani, binti ambaye hakuweza kumtolea mahari, akaolewa na mwenye uwezo. Kuna simulizi nyingine pia, nayo nitaifikia. Kwa sasa naomba utafute sauti ya Fadhili uisikilize kabla ya nyingine yoyote. Sikiliza namna asivyojikaza. Hapandishi sauti ili watu wamwonee huruma. Anasema shida yake kama mtu anayemweleza rafiki, na gitaa linakwenda naye bila haraka.

Wanaofundishwa na mtandao huanza na matoleo ya baadaye, na hapo ndipo wanapopotea. Wimbo huu umetembea sana. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja kwenye albamu yao ya mwaka 1965, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966, na ni kwa sauti ya Makeba watu wengi wa nje walipoujua. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Uswidi liliurekodi, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule aliyekuja kuwa mmoja wa kundi la ABBA. Boney M. wakautoa mwaka 1981, Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Kila mmoja aliufanya wa kwake, na sina ugomvi nao. Toleo la Makeba nalipenda mno, na kwa dada wanaouliza kama wabadilishe maneno kwa kuwa ni ya mwanamume, huwaambia Makeba aliuimba hivyohivyo na hakuna aliyepungukiwa. Lakini mtu anayejifunza kutoka kwenye toleo la dansi la Boney M. anakuja ukumbini na ngoma kubwa chini ya maneno ya kijana anayelia ukata, na wageni wanainuka kucheza kabla hawajasikia neno. Anza na Fadhili, nenda kwa Makeba, hao wengine wasikilize kwa kufurahia tu.

Huku kwetu kuna sababu ya ziada ya kuuheshimu. Kwa Wanyakyusa mahari ilikuwa ng'ombe, na vijana wa Rungwe na Kyela wasio na ng'ombe walilazimika kuzitafuta mbali: wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine migodi ya shaba ya Zambia, wengine hadi Afrika Kusini. Waliondoka vijana na kurudi watu wazima, na si wote walirudi. Kwenye sendoff moja Tukuyu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, mvua ikipiga bati hadi spika zinazidiwa, nilimaliza Malaika nikaona mzee wa upande wa bibi harusi ananyanyuka na fimbo yake kuja nilipokaa. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kisha akanieleza kwamba kaka yake alikwenda migodini Afrika Kusini kutafuta ng'ombe za kumwolea binti wa jirani, na aliporudi akamkuta ana watoto wawili kwa mtu mwingine. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamuuliza kama kaka yake alikuja kuoa. "Alioa," akasema, "alioa vizuri tu. Lakini wimbo huu alikuwa anatoka nje ukipigwa redioni."

Watu wa namna hiyo wapo karibu kila ukumbi. Tena si wazee peke yao. Bwana harusi mwenyewe aliyekaa pale mbele na suti ya kuazima pengine alihangaika na barua ya posa, akasubiri mshenga arudi na orodha, akahesabu blanketi la bibi, suti ya baba, mkaja wa mama, akauza pikipiki. Unapoimba kwamba mali huna, kuna mtu hapo mbele aliyekuwa anasema hayo miezi michache iliyopita. Muimbie yeye.

Sasa kazi yenyewe. Kamati nyingi hutaka Malaika wakati maharusi wanaingia au wanakata keki. Kataa kwa adabu. Wakati wa kuingia kuna vigelegele, kuna wapiga picha, MC anapaza sauti, na shangazi wamesimama juu ya viti. Wimbo huu unazama. Waambie uwekwe kwenye sendoff, pale wazazi wa binti wanaposhukuriwa, kwa sababu hao ndio wimbo unaozungumza nao bila kuwataja: wao ndio waliokubali kijana huyu achukue binti yao kwa alichokuwa nacho. Kama ni harusi yenyewe, uwekwe baada ya chakula, watu wametulia. Nimeona mama wa bibi harusi akifuta machozi kwa ncha ya kitenge kwenye ubeti wa pesa, na sijawahi kuona hilo kwenye keki.

Zungumza na MC mapema kuhusu kutuzana. Desturi yetu ni njema, muimbaji akigusa watu wanainuka na noti, wanampachika kwenye paji la uso au kumjaza mfuko wa koti. Kwenye Malaika watu hao hujipanga haraka, na ubeti wa pesa ndio hasa unaowainua. Mstari wa watu ukishajipanga mbele yako, maharusi hawakuoni tena na wewe huoni nyuso zao. Mwombe MC awaambie wageni wasubiri hadi ubeti wa mwisho uishe, halafu rudia kiitikio kadiri wanavyokuja. Hutapoteza senti, na wimbo utasikika wote.

Kuhusu ki, chagua ya chini kuliko unavyodhani. Vijana wanapenda kupandisha ili waonyeshe sauti. Mtu anayekiri kwamba ameshindwa hapigi kelele. Jaribu kuimba umekaa, kwa sauti unayoitumia kuongea na mtu mmoja, na pale ulipo na starehe ndipo penye ki yako. Gitaa halihitaji mengi: njia tatu za msingi, yaani mikao mitatu ya vidole kwenye nyuzi, zinatosha kuubeba wimbo mzima, na uzuri wake uko kwenye nafasi unazoziacha. Baada ya neno la mwisho la kila mstari, nyamaza kidogo na uache gitaa lijibu. Usijaze hapo kwa "ooh" na "yeah". Wa sauti ya pili aingie kwenye kiitikio tu, na akiingia aimbe chini yako, asikupite.

Na baridi. Anayepiga Dar hawezi kukuambia hili. Mwezi wa sita na wa saba, ukitoa gitaa kwenye gari lenye joto na kuliingiza kwenye ukumbi wa Mafinga au Uyole, nyuzi za chuma zinajikaza na sauti inapanda. Ukizilegeza haraka ili uanze, baada ya nyimbo mbili zimepata joto la vidole na la watu, zinashuka, na Malaika ikifika sauti ya gitaa iko chini ya ile ya kinanda. Lifungue gitaa pembeni mwa jukwaa likae wazi karibu nusu saa, ndipo ulipange, kisha liguse tena dakika moja kabla ya wimbo huu. Wimbo wenye mapengo mengi hauna pa kuficha uzi uliolegea.

Nilisema kuna simulizi nyingine. Wapo wanaoshikilia kwamba Malaika ilitungwa na Adam Salim, Mtanzania, miaka ya 1940, kabla Fadhili hajaingia studio. Hapa nyumbani utawasikia wengi wakilitetea jina hilo, na ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya utakuta watu hawataki kusikia jingine isipokuwa Fadhili. Mabishano hayo yameendelea miongo na miongo, Fadhili mwenyewe alifariki mwaka 2001 nayo yakiwa hayajaisha, huku wimbo ukiuzwa Ulaya na Marekani. Mimi nikiimba hutaja majina yote mawili kwa MC ili ayaseme, maana watu waliotupa kitu hiki wanastahili kutajwa penye maiki. Lakini inaniuma kila mara nikifikiria kwamba wimbo unaoimbwa na nusu ya dunia unagombaniwa hivyo kwa kukosa karatasi.

Kwa hiyo kijana wa Mbeya au Njombe unayetunga wimbo wa mapenzi leo, hata kama umeutunga kwa ajili ya mchumba wako na hudhani utatoka nje ya mtaa, uandike. Andika maneno yote kwenye daftari, weka tarehe na sahihi. Urekodi kwenye simu kabla hujauimba mbele ya bendi, ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe ili tarehe ibaki. Kama mpiga solo ndiye aliyeleta lile pigo la mwanzo ambalo watu watalikumbuka, kaeni siku ileile mkubaliane nani ana sehemu gani, na muandike, mkiwa bado mnapendana na hakuna pesa mezani. Kisha usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda kwa kuwa umeutunga, lakini siku ya kubishana utaulizwa ushahidi, na cheti cha usajili husaidia pale ambapo kumbukumbu za marafiki zimeshatofautiana.

Na usiogope kutaja pesa. Vijana huniletea tungo zao nizisikilize, zimejaa nyota na mbalamwezi na bahari, wakati mtunzi amezaliwa Igurusi na bahari ameiona mara moja. Namuuliza, wewe na huyu binti kinawatenganisha nini hasa? Ananijibu: kazi ya msimu kwenye mpunga, kodi ya chumba, baba yake hataki kuniona. Basi hayo ndiyo mashairi yako. Anza na kodi ya chumba, tafuta njia tatu za gitaa zinazoendana nayo, na ukimaliza ubeti wa kwanza niletee niusikie.