Mashuke kati ya Ng'ombe na Mbuzi

Kisanduku cha kikundi chetu cha vikoba kina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake, ili asitokee mmoja akakifungua peke yake usiku. Siku moja tumemaliza kikao, mvua imetuzuia ndani, mtu akaanza kuulizia nyota. Mweka hazina, Ng'ombe. Mwenyekiti, Mbuzi. Mimi katibu, nimezaliwa Septemba 9, Mashuke. Kumbe funguo zote tatu ziko mikononi mwa watu wa nyota za udongo! Mama mmoja akanitazama kwa huruma: "Mashuke katikati ya ng'ombe na mbuzi? Mwanangu, utaliwa."

Sijaliwa. Ila miaka minne ya kukaa na wale wawili imenifunza juu ya nyota yangu kuliko nilivyowahi kusoma gazetini, na mengi kati ya hayo hayanisifu.

Kwa asiyejua: wanajimu hugawa nyota kumi na mbili katika moto, udongo, upepo na maji, na za udongo ni Ng'ombe (Aprili 20 hadi Mei 20), Mashuke (Agosti 23 hadi Septemba 22) na Mbuzi (Desemba 22 hadi Januari 19). Siku za mpakani huhama kidogo mwaka hadi mwaka. Katika zile kumi na mbili, hizi ni ya pili, ya sita na ya kumi. Wote watatu husemwa ni wachapakazi, hawapendi ahadi hewa, na shilingi haiwatoki kirahisi. Hapo sina ubishi. Shida ni kwamba watu wakishasikia "udongo" wanadhani tumefinyangwa chungu kimoja.

Wanajimu huanzia kwenye sayari. Ng'ombe yuko chini ya Zuhura, sayari ya uzuri na raha, ndiyo maana mtu wa Ng'ombe atafanya kazi kama punda lakini jioni anataka chakula kinukie na shuka iwe laini. Mbuzi yuko chini ya Zohali, ambayo inahitaji miaka 29 na ushei kulizunguka Jua mara moja. Subira yao inatoka huko, wanasema. Sisi tumepewa Utaridi, ambayo shuleni tuliiita Zebaki, mtawala wa hesabu, maandishi na biashara. Hiyo hulizunguka Jua kwa siku 88 tu, hakuna inayoishinda mbio. Basi ukimwona mtu wa Mashuke amekaa kimya usifikiri amepumzika. Kichwani anahesabu.

Halafu kuna suala la msimu. Mbuzi hufungua msimu, kwa hiyo ni mwanzilishi. Ng'ombe yuko katikati ya msimu, kwa hiyo hang'oki. Mashuke yuko mwishoni, wakati wa kuvuna na kupepeta, kazi yake ni kutenga punje na makapi. (Misimu yenyewe ni ya huko kaskazini, wenye baridi na theluji. Kwetu Ng'ombe anaangukia masika, wakati wa kukanyaga matope, na kwa kweli namwona mweka hazina wetu humo zaidi kuliko katika msimu wao wa maua.) Kupepeta ni kazi nzuri penye nafaka. Ukianza kupepeta watu, utabaki na ungo mtupu.

Nilijua hilo siku ya mgawanyo. Desemba, watu wamekuja wamevaa, pilau inanukia uani, tumewaambia saa kumi kila mtu anapewa chake. Tukahesabu fedha, tukalinganisha na daftari: pungufu shilingi 3,500. Kwenye mamilioni! Mweka hazina hakusema neno, akafungua pochi, akatoa noti zake na kuziweka mezani. "Tia hapo, watu wale." Mwenyekiti akasema andika pungufu, tutalitazama Januari, saa kumi ni saa kumi.

Nikagoma. Kwangu mimi tundu lililozibwa bila kujulikana lilitobolewa na nini ni baya kuliko tundu lenyewe. Nikaanza upya mstari kwa mstari, naita majina kwa sauti, na nikamuuliza dada mmoja mbele ya watu wote kama ana hakika alilipa mchango wake wa mfuko wa jamii wiki ile. Akasema alilipa. Nikamuuliza tena. Pilau ikapoa. Saa mbili usiku ndipo nikaona: mchango wa 3,500 umeandikwa mara mbili, mwandiko wangu, wino wangu wa bluu. Yule dada alikuwa amelipa.

Msimu uliofuata hakununua hisa kwetu.

Ukiwasikiliza wanajimu, sifa ya Mashuke ni usafi na umakini. Mimi nasema sifa yake ya ndani ni woga. Ng'ombe anaogopa kupoteza alicho nacho, Mbuzi anaogopa kutofika, Mashuke anaogopa kuonekana kakosea, na ili asionekane hutangulia kuonyesha makosa ya wenzake. Tena anadhani anasaidia. Nimeshamrekebisha mgeni namna ya kukata vitunguu jikoni kwangu, na nilifanya hivyo kwa mapenzi kabisa.

Kwa hiyo wewe wa Mashuke mwenzangu, nikupe lililonisaidia. Nilianza kwa kujiuliza kosa hili linaumiza au linaudhi tu. Hesabu ya dawa ya mtoto inaumiza, isimamishe dunia. Taulo lililokunjwa kwa mapana badala ya marefu linaudhi, limeze. La pili ni kuomba muda. Sasa nikikuta tofauti kwenye daftari namuuliza mwenyekiti, "Nina dakika ngapi?" Akisema ishirini, ni ishirini. Mtu wa Mbuzi anajua kuweka mpaka kuliko sisi, mtumie. Na kusahihisha mtu mbele za watu nimeacha kabisa, hata nikiwa na haki. Hasa nikiwa na haki. Yule dada nilimfuata kwake, nikakaa kwenye mkeka, nikaomba radhi bila kueleza sababu. Kueleza sababu ndiyo ugonjwa wetu: tunaomba msamaha kwa dakika moja na kujitetea kwa dakika kumi.

Kwa Ng'ombe, usimshtukize. Nilikuwa nabadilisha fomu za mikopo kila nikipata wazo zuri, na mweka hazina anaendelea kujaza za zamani kama hakunisikia. Alikuwa kanisikia vizuri sana. Siku hizi namwambia wiki mbili kabla, tena baada ya kula, na yeye huwa wa kwanza kuzitumia. Mbuzi naye mpe hitimisho kwanza. Mwenyekiti wetu nikimwanzia na maelezo, macho yake yanaenda kwenye saa. Nikisema "Mama, tukifanya hivi mikopo itarudi mapema," ananigeukia mzima mzima.

Na wewe unayeishi na mtu wa Mashuke, tafadhali usimwambie "achana nayo, si kitu." Hawezi. Mwambie "malizia hadi saa tatu, mimi nasonga ugali." Atakupenda.

Je, ninaamini? Bibi yangu Tanga angelicheka hilo swali, maana kwake nyota haikutoka kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mzee wa falaki, yaani elimu ya nyota, alikuwa anachukua jina lako na la mama yako, anayageuza kuwa tarakimu kwa abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, anajumlisha, anagawa kwa kumi na mbili na kutazama baki. Hamad mwana wa Maryam, kwa mfano: 52 na 290 ni 342, ukigawa inabaki 6, naye ni Sumbula, yaani Mashuke hayo hayo kwa jina la Kiarabu. Mimi kwa hesabu ile nilibakiwa na 10: Jadi, Mbuzi. Kwa tarehe Mashuke, kwa jina Mbuzi! Angalau sikutoka kwenye udongo.

Halafu kuna kisa cha Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani. Mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake peke yake. Walipoulizwa maelezo yale yamewaelezea sawa kiasi gani, wastani ulikuwa zaidi ya nne kati ya tano. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, na maneno yake mengi yalitoka kwenye kitabu cha nyota. Nilipolisoma hilo nilikasirika, kisha nikakagua kama hesabu ya wastani wake iko sawa. Mnaona.

Mimi nyota naitumia kama utani wa watani. Kumwambia mweka hazina "wewe mbishi" ni ugomvi. Kumwambia "Ng'ombe huyo kalala barabarani" ni kicheko, na ujumbe umefika. Ila sijawahi kumnyima mtu mkopo kwa nyota yake, na anayechagua mchumba kwa kalenda namshauri aangalie pia jamaa anavyomjibu mhudumu wa daladala.

Mgawanyo wa mwaka jana ulikuta ziada ya shilingi 200. Mwenyekiti akaniangalia, akanyoosha vidole: dakika tano. Mweka hazina akanisogezea sahani ya pilau, bado ya moto. Dakika zikaisha, nikaandika "ziada 200", nikafunga daftari nikala. Yule dada alikuwa amekaa pembeni yangu, amerudi tangu Machi. Tulipomaliza tukafunga kisanduku, kila mtu kufuli yake. Yangu nilirudi kuivuta mara mbili.