Anti, wateja wameshaijua siri ya mume na mi niko sura ya 3 tu

SWALI: Shikamoo anti. Mi nipo Ujiji hapa Kigoma, nina saluni ndogo ya kusuka, na mwaka mzima sasa naandika hadithi kwenye daftari, ile ya ndoa yenye taharuki, mke anaishi na mume akidhani anamjua. Mke anaitwa Zaituni, mumewe Rama mvuvi wa dagaa, kila jioni anaaga anaenda ziwani kumbe ana mwanamke kule Mwanga, hapahapa mjini Kigoma. Anapigiwa simu saa nane usiku anatoka nje kuongea, siku nyingine shati lina lipstiki kwenye kola. Mdogo wangu anawasomea wateja huku mi nasuka, sasa tumefika sura ya 3 tu wote wanasema huyu ana mchepuko, na siri nilipanga kuitoa sura ya 12! Af mume wangu kalikuta daftari akaniuliza huyu Rama ndo mimi? Akanuna siku 2, na wala sio mvuvi, ni fundi seremala. Nifanyeje?
Msusi wa Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara mbili maana mi mwenyewe nimekulia Kibirizi hukohuko Kigoma, baba alikuwa na mtumbwi, na kuna kitu kwenye hadithi yako umekikalia bila kujua.

Hiyo simu ya usiku na hiyo lipstiki toa zote, kila mtu kashazisikia, msomaji akiziona tu kashafunga hesabu. Zaituni ni mke wa mvuvi, mpe jicho la mke wa mvuvi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukijaa taa haiwavuti vizuri, watu wanapumzika siku kadhaa wanashona nyavu mwaloni pale mitumbwi inapoegeshwa, hilo Kigoma hata mtoto anajua. Sasa mtoe Zaituni uani usiku anaenda chooni, mbalamwezi inawaka mpaka kivuli cha ndoo kinaonekana chini, asimame pale na kandambili zake, akumbuke Rama kaaga tangu saa 12 jioni na koti la ziwani begani. Asubuhi anarudi, koti kavu, halina hata gamba moja, ila hela ya mboga anaacha mezani kama kawaida, tena leo imezidi. Zaituni anaipokea, anasema ahsante, anaendelea kumenya mihogo. Mi hapo moyo ungenienda mbio jamani, maana nimeshajua kwamba anajua, na mumewe hajui kwamba anajua, na usiku watalala kitanda kimoja.

Halafu huo mchepuko. Waache wateja wauamini kabisa mpaka sura ya 8, af Zaituni amfuatilie huyo mwanamke wa Mwanga akute kweli yupo, ila si mchepuko, huyo mwanamke alichofanya ni kwenda kukaa mbele ya mkopeshaji na kusema yeye ndo Zaituni. Rama kaweka nyumba rehani. Sikia, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzie kuridhia, kwahiyo mkopeshaji alitaka saini ya mke, na saini ikapatikana. Sa kwanini Rama hakumwomba tu mkewe? Deni la nini? Na usiku wa mbalamwezi analala wapi? Hata wakigundua saini sura ya 8 bado wana maswali ya kuwafikisha mwisho.

Na Zaituni usimfanye malaika. Mpe na yeye cha kuficha, mfano hela za kikoba kazifunga kwenye nailoni kaziweka stoo chini ya debe la mawese, Rama hana habari. Akimuuliza mumewe habari za mkopo na yeye ataulizwa nauli ya kuzungukazunguka mjini kaitoa wapi, ndo maana ananyamaza. Lazima awe na sababu ya kunyamaza, wasomaji wanachukia sana mke anayekaa kimya ili tu hadithi iwe ndefu.

Kuhusu mumeo, usimwache alisome daftari kwa kuiba, mkalishe umsomee mwenyewe kuanzia sura ya 1. Kama kuna kipande umekitoa nyumbani kwenu mwambie ni kipi, akikikataa kitoe. Mi niliwahi kuandika jambo la kwetu mama akaja kulisikia kwa mtu sokoni, mpaka leo nikikumbuka uso wake naona aibu.

Hiyo sura ya uani ukiimaliza nitumie. Na usiandike kwamba mwezi ulikuwa mzuri, Zaituni usiku huo hauoni uzuri wake.