Maswali na Majibu: Miungu Wanne, Mvua Moja

Safari hii tumekusanya maswali ya wanaoendesha mchezo wa kuigiza wa miungu. Kwa asiyeujua: kila mchezaji ni mungu wa kabila moja la kubuni, na msimulizi anashika ardhi, hali ya hewa na midomo ya watu. Hakuna mshindi aliyeandikwa. Hadithi mnaitunga wote mezani.

Tumeambiwa mchezo huu unataka dadu za pande ishirini. Tumezunguka maduka ya Majengo na Sabasaba hapa Dodoma, hatujaziona. Tufanyeje? (Nkuhungu)

Hamzihitaji. Chukueni dadu mbili za ludo mjumlishe. Zikitupwa pamoja kuna njia 36 za kuangukia. Saba hutoka kwa njia 6, ilhali mbili na kumi na mbili kila moja ina njia 1 tu. Kwa hiyo miaka ya kawaida inakuwa mingi na ya ajabu michache, na hilo ndilo mnalolitaka. Kwa mvua, wekeni hivi: 2 hadi 6 ni ukame (njia 15), 7 hadi 9 mvua ya kutosha (njia 15), 10 hadi 12 neema (njia 6).

Vingine ni karatasi ya manila ya kuchorea ramani, daftari, vizibo vya soda kama 50 vya kaya, mahindi makavu ya ghala na maharage ya ng'ombe. Msitumie uwele. Feni ikiwashwa tu, ghala la kabila zima liko chini ya kochi.

Shikamoo. Wachezaji wangu wanne wote wanajifanya waweza wa yote. Mmoja akitaka mto, mto unatokea, mwenzake anaukausha, wa kwanza anauleta tena. Saa moja haijaisha, mchezo umekufa. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba. Umewapa miungu uwezo usio na bei. Kosa hili ndilo linaloua michezo mingi ya aina hii, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Anza na watu kabla ya miungu. Kila kabila lipe kaya 6, akiba ya punje 3 na ng'ombe 4. Mwaka una zamu mbili, masika na kiangazi, kama ulivyo huku kwetu ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Masika msimulizi anatupa dadu mara moja kwa nchi nzima. Ukame unaleta punje 1 kwa kila kaya mbili, mvua ya kutosha punje 1 kwa kila kaya, neema inaongeza punje 3 juu ya hapo kwa kabila zima. Kiangazi kila kaya inakula punje 1. Ikikosa, ng'ombe 1 anachinjwa na kulisha kaya 2. Na ng'ombe wakiisha, kaya inahamia kwa jirani mwenye ghala.

Piga hesabu uone. Kaya 6 huvuna 3, 6 au 9, na wastani kwa dadu hizo ni punje 5 na robo kwa mwaka, wakati zinakula 6. Pengo ni dogo, robo tatu ya punje, lakini halizibiki lenyewe. Akiba ya 3 inaisha kwa miaka minne hivi, na inaisha mapema zaidi ukame ukifuatana. Hapo ndipo watu wanaanza kumtazama mungu wao.

Sasa mpe mungu nguvu, ila zitoke kwa watu: nguvu 1 kila masika kwa kila kaya 2 zinazomwabudu, na asilimbikize zaidi ya 8. Ishara (ndoto, ndege, moshi) inagharimu 1. Kupandisha mvua ngazi moja kwenye ardhi yake, 3. Jambo la kudumu kama chemchemi, 6. Halafu kuna kanuni ambayo hata ukisahau nyingine zote, hii usiisahau: mvua unayoivuta inatoka kwa mwenzako. Mvutaji anamtaja jirani, na jirani huyo anashuka ngazi moja. Akishuka chini ya ukame, havuni kitu.

Tuseme dadu zimetoa 8. Mungu wa mlimani analipa 3, anamtaja jirani wa mbugani. Mlimani punje 9, mbugani 3. Kiangazi kinapofika watu wa mbuga wameshachimba mchanga wa korongo hadi kimo cha mtu ndipo maji yakaonekana, wamekula mavuno pamoja na akiba yote, na ng'ombe wanaanza kuhesabiwa kwa macho mengine. Msimulizi anamleta bibi mmoja kisimani, kata mkononi, anauliza kwa sauti kwa nini wingu lilisimama kilimani kwa wenzao. Mchezaji wa mbugani ana nguvu 3. Amjibu kwa ndoto, alipize, au anyamaze awekeze chemchemi? Meza itanyamaza kumsubiri.

Jambo la mwisho: mungu asiseme na watu moja kwa moja. Anatoa ishara, msimulizi anatupa dadu. Ikiwa 7 au zaidi (njia 21 kati ya 36) wameielewa. Chini ya hapo wameielewa kombo, nao wanafuata hicho hicho walichoelewa. Moshi wa kaskazini uliomaanisha "huko kuna majani" unageuka kuwa "huko kuna adui". Hadithi nzuri karibu zote huzaliwa hapo.

Naweza kutumia Wagogo, Warangi na Wasandawe wenyewe, badala ya makabila ya kubuni? (Kondoa)

Ardhi itumie utakavyo, watu na ibada zao waache. Mbuga inayojaa maji masika kama ya Bahi, mibuyu, nyumba za tembe, mapango yenye michoro: vyote vinafaa kwenye ramani. Lakini michoro ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, iko mahali ambapo wenyeji bado wanafanya matambiko. Kwa Wagogo, mtemi na mvua ni mambo yaliyokwenda pamoja. Na njaa ya Mtunya, iliyowapiga Wagogo mwaka 1919 hivi, bado ina wajukuu wanaosimuliwa. Mchezaji atakayetupa dadu na kucheka "kabila lako limekufa njaa" mbele ya mtu wa namna hiyo ataiharibu jioni yote. Buni jina, buni mwiko, buni mavazi. Utani wa makabila nao uubakize kwenye chai.

Mama anasema kujiita mungu ni kufuru. (Chang'ombe)

Badilisha neno: "mlezi", "mzimu wa mlima", "mwenye mbuga". Kanuni hazibadiliki hata moja. Mama akibaki na shaka, mkaribishe akae atazame kikao kimoja, na mkicheza nyumbani kwake basi kauli yake ndiyo ya mwisho. Msicheze kwa kujificha.

Mmoja wetu yuko Mpwapwa, mwingine Manyoni, wengine Dodoma mjini. Kwa WhatsApp inawezekana? (Kisasa)

Inawezekana, ila kwa mwendo wa konokono. Zamu moja ipeni siku 3, ifungwe saa 2 usiku. Matendo ya siri yatumwe kwa msimulizi peke yake. Dadu anatupa msimulizi na kuzipiga picha kabla hajasema lolote, maana ugomvi wa "ulitupa mara mbili" hauna dawa ukishaanza. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Kila mwaka ukiisha, andikeni mstari mmoja wa matukio na muubandike juu ya kundi. Vinginevyo umezikwa chini ya salamu za asubuhi. Asiyejibu zamu moja, watu wake wanaishi kwa dadu tu. Zamu mbili, mungu amelala, na kabila anapewa mwingine.

Mchezaji mmoja kila mwaka anavamia majirani. Nimkataze? (Makulu)

Usimkataze, mtoze. Vita wanapigana watu. Mungu analipa 2 kuwatia moyo. Kila upande unatupa dadu mbili na kuongeza 1 kwa kila kaya 2 zilizoingia vitani. Aliyeshindwa anapoteza kaya 1, mshindi anaondoka na ng'ombe 2. Ila kaya iliyosafiri vitani kiangazi inakula punje 2 badala ya 1. Akipeleka kaya 4, ametumia punje 4 za ziada, na ng'ombe 2 alioteka wanalisha kaya 4 zilezile. Ameshinda, na ghala liko palepale, nguvu mbili zimekwenda. Mwache agundue mwenyewe. Akishagundua ataanza kuozesha binti na kubadilishana chumvi, na hayo yana hadithi nyingi kuliko mikuki.

Tumefika mwaka wa 9 na hatujui pa kuishia. (Kizota)

Semeni leo kwamba mwaka wa 12 ndio wa mwisho. Kikao cha saa tatu kinabeba miaka minne bila kukimbizana, kwa hiyo mmebakiwa na kikao kimoja kisichojaa, na nguvu zilizofichwa kwa ajili ya kesho zitaanza kutumika. Mwaka wa 12 ukifungwa, kila mchezaji aseme sentensi moja: wajukuu wa kabila lake wanamtaja vipi mungu wao wakikaa kuota moto. Asiyebakiwa na kaya hata moja ndiye anaanza.