Ruta ya laini haitaki kukaa na televisheni

Nyumba yetu iko Rau, Moshi. Dirisha kubwa la sebule linatazama mlima, na asubuhi isiyo na mawingu Kibo kinaonekana mpaka chai inapoa mkononi. Niliponunua ruta ya laini, ile inayoleta intaneti kwa laini ya simu, niliiweka hapo hapo, kando ya televisheni. Soketi ipo, meza ipo, nikaona nimemaliza.

Kumbe bado. Binti yangu analala chumba cha mwisho, na kila jioni nilikuwa namkuta koridoni, amekaa sakafuni karibu na mlango wa bafu, daftari magotini. "Baba, huku ndiko inakoshika."

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ruta ya laini ina kazi mbili. Ya faiba inaletewa waya mpaka ndani, kwa hiyo wewe unafikiria kugawa waifai tu: iweke katikati ya nyumba, juu, basi. Ya laini inapokea kwanza kutoka mnarani, ndipo igawe. Inataka dirisha la upande wa mnara, na vyumba vinaitaka katikati. Mnara wetu uko upande wa mjini, kusini. Mimi nilikuwa nimeipa ruta mandhari ya mlima.

Nikaihamishia dirisha la chumba chetu, kusini. Kasi ikapanda kweli, ila kwa aliyekaa chumbani humo. Kati ya ruta na binti kulikuwa na kuta mbili za tofali za saruji na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Nyuma ya kioo kuna utando wa madini unaorudisha mawimbi yalikotoka. Migomba ya jirani ilikuwa inapata waifai nzuri kuliko mwanangu.

Jumapili moja nikachukua ekstensheni ya mita 5 nikaanza kuzunguka nayo. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta (anwani iko kwenye stika chini yake) utafute namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Huwa hasi, na ikisogelea sifuri ndiyo nzuri: -85 unafurahi, -110 unalia. Dirishani, kusogeza ruta shubiri moja kutoka kwenye nondo za grili kulinitoa -104 hadi -93. Nilidhani mashine imekosea, nikarudia. Lakini wimbi la 1800 MHz, masafa yanayotumiwa na minara ya simu, lina urefu wa sentimita 17 hivi, kwa hiyo shubiri kwake ni safari. Sogeza, subiri dakika, soma tena.

Huku nasoma namba, binti anapita kila chumba na simu, milango ikiwa imefungwa. Watu hupima milango ikiwa wazi, kisha usiku wanashangaa. Na pimeni jioni pia, maana mnara ukielemewa na watu, vijiti vya mtandao vinajaa lakini video inasuasua, na hapo hata ukiipandisha ruta darini haisaidii. Darini penyewe usiende: chini ya bati mchana ni tanuri.

Mwisho ikakaa kwenye rafu ndogo koridoni, juu kidogo ya usawa wa kichwa, mkabala na mlango wa chumba cha kusini. Namba ni -97. Nimepoteza kidogo upande wa mnara, nikapata nyumba nzima. Antena nimezisimamisha wima, kwa sababu kijiti hurusha mawimbi ubavuni, si nchani, nasi hatuna ghorofa. Simu ya binti nimeiunganisha na waifai ya 2.4 GHz, ile ya 5 GHz ina mbio lakini tofali zinaichosha mapema. Juu ya friji nilishajaribu, usijisumbue. Karibu na maikrowevu pia, kwani nayo inatumia hiyo hiyo 2.4.

Binti sasa anasomea mezani kwake. Koridoni siku hizi anakaa mama yake na kigoda, anasema hapo chini ya rafu ndipo penye kasi.