Jibu: Android peke yake inatosha kwa nyumba ya wageni Bagamoyo?

Ndugu, umesema fundi anataka bei mara mbili akiongeza iPhone kwenye programu yako ya kuweka nafasi za vyumba, ukauliza kama Android peke yake inatosha. Kwa Bagamoyo, haitoshi. Wageni wa wikiendi kutoka Dar wengi wana Tecno na Samsung, sawa. Lakini watalii wanaokuja kuona magofu ya Kaole na Mji Mkongwe, wengi utawakuta na iPhone, na hao wasipokupata watalala kwa jirani.

Hiyo bei mara mbili mbishie. Kuna zana za kuundia programu, Flutter ya Google na React Native: msimbo mmoja unatoa programu za pande zote mbili. Kazi ya ziada ipo, ila si maradufu. Usichoweza kukwepa ni ada za kuweka programu kwenye maduka yao: Google Play dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka, na fundi atahitaji kompyuta ya Mac, yake au ya kukodi. Halafu akaunti za maduka hayo zote zisajiliwe kwa jina la biashara yako, si la fundi. Zikiwa kwa jina lake, mkigombana programu inaondoka naye.

Wenye simu za vitochi waachie namba ya kupiga.