Simu za intaneti kwa duka dogo: akiba iko wapi?

Ndugu, umeuliza kama duka lako la pembejeo hapo Majengo litapunguza gharama kwa kuhamia kwenye simu za intaneti. Litapunguza, hasa kwa watu walewale unaozungumza nao kila siku na ambao wana simujanja, yaani msambazaji wako wa Dar es Salaam, tawi la Kibaigwa na dereva, kwa kuwa mazungumzo ya WhatsApp hayatozwi dakika bali hutumia bando la pande zote mbili. Mkulima wa Mpwapwa mwenye kitochi utaendelea kumpigia kwa kifurushi cha dakika, na sioni sababu ya kukiacha.

Ukichukua huduma ya simu za intaneti yenye namba yake, mfumo wa sauti wa G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hutumia takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, sawa na megabaiti 1.3 kwa dakika kwenda na kurudi, ilhali mfumo mwingine, G.729, hutumia chini ya nusu megabaiti. Data hiyo ni kidogo, kwa hiyo kinachosumbua zaidi ni sauti kuchelewa, ambako ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inashauri kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mapatano ya bei yakikatikakatika, mteja huenda kwa jirani, na hasara hiyo ni kubwa kuliko dakika ulizookoa. Namba hiyo inunue kwa mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kisha uiwekee ruta betri ya akiba, maana umeme ukikatika na simu hukatika.