Maswali ya sakafu: nani anapaka sahani polishi?

Barua nyingi nilizopokea mwezi huu ni za lamineti, zile mbao za kubana zinazolazwa juu ya simenti. Watu wamezihamia, na kila mmoja anataka sebule ing'ae kama sakafu nyekundu ya kwa mama yake ilivyong'aa. Nimechagua sita.

Fundi, habari za kazi. Nilinunua polishi ya mkebe nikapaka sebule nzima Jumamosi. Jumapili watoto wanateleza kama wako kwenye matope, na sakafu imeingia ukungu mweupe. Nimekosea wapi?
Mama watoto, Kireka

Pole sana mama. Mkono wako hauna kosa, mkebe ndio wenye kosa. Polishi ile ni nta. Simenti ina vinyweleo, mbao ya mvule nayo ina vinyweleo. Nta huingia humo, ukisugua inang'aa. Lamineti haina pa kuipokea. Unachokanyaga ni karatasi yenye picha ya mbao, imefunikwa kwa melamini, ndugu wa zile sahani mnazopakulia pilau ya Idi. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ilikuwa ikitengeneza vitu vya namna hiyo vya juu ya meza za jikoni; mwaka 1977 ikabuni namna ya kuvilaza chini. Sasa chukua sahani ya melamini uipake nta. Itakaa juu juu, itashika vumbi, na itakuponyoka mkononi.

Nami niliwahi kuipaka. Mwaka wangu wa kwanza kazini niling'arisha sebule ya mteja kwa mkebe huo huo, nikajisifu, kisha mzee wa nyumba akaingia na soksi. Hakuumia, lakini sikulipwa, na sikudai.

Kuitoa: nunua hadweani tapentaini ya kuchanganyia rangi, ila si thina. Fungua madirisha yote, toa sigiri nje kabisa, na mtu asiwashe kiberiti. Jaribu kwanza nyuma ya mlango. Lowesha kitambaa, si sakafu, usugue kipande cha mita moja, geuza kitambaa kila kinapochafuka, kisha pitisha kingine chenye maji ya uvuguvugu kilichokamuliwa na ukaushe hapo hapo. Sebule nzima itakula siku. Vitambaa vile vianikwe nje vikauke, usivikunje na kuviweka stoo.

Sijapaka chochote, nadeki tu kila siku kwa sabuni ya unga, lakini imefifia na nyayo zinaonekana. Je, imezeeka?
Msomaji, Ntinda

Haijazeeka, imevaa sabuni. Sabuni ya unga isiposuuzwa huacha utando, na kesho unaweka mwingine juu yake. Chovya kitambaa cheupe katika maji matupu ya uvuguvugu, kikamue, sugua kona moja. Kikitoa povu, jibu umelipata.

Deki mara mbili au tatu kwa maji matupu, ukibadilisha maji yakichafuka. Kama utando umegoma, weka vijiko 2 vya siki nyeupe katika lita 1 ya maji, mara moja tu. Siki ni asidi, sipendi iwe desturi ya kila wiki. Baada ya hapo, fagia kila siku kwa ufagio laini na udeki mara moja kwa wiki. Kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe hata tone, na kingine kikavu kifuate nyuma yake, ukienda kwa urefu wa mbao. Kile kikavu ndicho kinacholeta mng'aro, na ndicho watu wengi wanachokiacha kwa sababu mgongo umechoka. Jik na unga wa kusugulia sufuria viache chooni.

Salaam aleikum fundi. Dukani wananiuzia chupa wanayosema ni polishi ya lamineti hasa. Nayo ni uongo?
Hajati, Bombo

Waaleikum salaam, Hajati. Hiyo si uongo, ila jina linapotosha. Ndani yake mara nyingi ni maji na plastiki ya akriliki. Maji yakikauka, inabaki ngozi nyembamba inayojaza mikwaruzo midogo, na sakafu iliyochoka inaonekana mpya. Kwa sakafu mpya ni hela ya bure, maana ngozi ya akriliki ni laini kuliko melamini iliyo chini yake: unafunika chuma kwa karatasi.

Kama yako imechakaa kweli, jaribu kwanza chini ya kitanda, uache siku nzima. Ukiridhika, isafishe sakafu utando wote utoke, upake safu moja nyembamba, na usiikanyage mpaka ikauke kabisa. Usirundike safu juu ya safu kila sikukuu. Itageuka manjano na kuanza kubanduka, nawe utarudi kuniandikia.

Na ukichoka kuisoma lebo, soma kitu kimoja tu: inaeleza namna ya kuitoa? Kama haielezi, irudishe rafuni.

Nyumba yangu ya zamani ilikuwa na mbao za mvule, tulizipiga msasa na vanishi zikawa mpya. Lamineti nayo?
Mzee, Arua

Hapana, mzee. Mvule ni mvule mpaka chini. Hii ukipiga msasa unafuta picha, na chini ya picha ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, rangi ya kahawia isiyo na sura.

Mvua za Machi hadi Mei zilipoanza, mbao zikainuka. Fundi aliyezitandika anasema nipake polishi nzito maji yasiingie. Nimwamini?
Msomaji, Entebbe

Usimwamini, tena usimwite tena. Angalia zimeinukaje. Kama kingo tu za mbao ndizo zimevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki, ni maji: yametoka juu kupitia maungio, au yamepanda kutoka kwenye simenti kwa sababu hakutandika karatasi ya nailoni chini. Nyuzi zile zikishavimba hazirudi. Mbao hiyo ni ya kutolewa na kuwekwa nyingine, ndiyo maana nawasihi wateja wanunue boksi moja la ziada siku ile ile.

Lakini kama mbao mbili zimesimama pamoja kama paa la hema, na kingo zake ni nzima, zimekosa nafasi. Lamineti hutanuka hewa ikiwa na unyevu, na huko kwenu kando ya ziwa unyevu haukosekani. Lazima kuwe na mwanya wa milimita 8 hadi 10 kati yake na ukuta, pande zote, unaofichwa na ubao wa pembeni. Ng'oa ubao huo wa pembeni uangalie. Ukikuta mbao zimebana ukuta, zikatwe hapo, na mara nyingi paa lile hulala lenyewe baada ya siku kadhaa.

Nina maswali madogo: vumbi jekundu la barabarani, nta ya mishumaa umeme ukikatika, na dada yangu wa London amenitumia mashine ya kudeki kwa mvuke.
Mama, Mukono

Vumbi la marramu ndilo adui wa kweli wa mng'aro, kwa kuwa ndani yake mna mchanga, na mchanga chini ya kiatu ni msasa. Weka zulia la kufutia miguu nje ya mlango na lingine ndani, na viatu viishie hapo. Miguu ya viti ibandike vipande vya blanketi kuukuu. Mkwaruzo uliokwisha kuingia huzibwa kwa kalamu ya nta ya rangi ya mbao yako. Hapo ndipo pekee nta inaporuhusiwa.

Mshumaa uliodondoka: weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu yake mpaka nta ikakamae, kisha ibandue kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Usitumie kisu.

Mashine ya dada yako hapana, mvuke unaingia kwenye maungio kuliko maji. Mshukuru, uitumie kwenye vigae vya bafuni, na akipiga simu ya video umwonyeshe bafu.